Jirani Aliyenifundisha Kusimama

Jirani yangu aliunguza maharage karibu kila wiki, lakini katika miaka kumi na mitatu tuliyopakana ua sikumwona hata siku moja amechemsha injini. Jioni harufu ya maharage ilivuka michongoma ikatufikia sebuleni, nasi tukajua yuko uani, amesimama kando ya lori lake, kichwa amekiinamisha anaisikiliza injini kabla ya kuizima, na huko jikoni ameshasahau kama kuna sufuria. Mke wangu alimpelekea bakuli la mboga. Alilipokea bila aibu. "Leo tena," alisema, kama mtu anayezungumzia mvua.

Lilikuwa lori dogo la bluu. Alibeba kabichi, karoti na viazi kutoka mashamba ya Kwai mpaka Mombo, na siku nyingine mpaka Tanga. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mtu wa makamo, kanga kichwani na sweta la kiume lililokuwa la marehemu mumewe. Aliketi juu ya mto wa sponji ili aione barabara vizuri, na aliendesha miguu mitupu. Viatu alivipanga kwenye kiti cha abiria, vimeelekea mbele, kama watu wawili wenye adabu waliopewa lifti. Nilimwita mama nilipomsalimia, na jirani nilipomtaja kwa wengine. Humu nitamwita Jirani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo habari hii haina aibu ya kutosha. Mada ya joto nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuchora ubaoni, huku nimewapa wanafunzi uso, jinsi maji yanavyopokea joto na kulibeba kwenda mahali pengine. Nilipopata gari langu la kwanza, dogo, la rangi ya fedha, lililokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu, niliuona mlima wa kutoka Mombo mpaka Lushoto kama swali la kidato cha tatu.

Siku niliyolipandisha gari hilo kwa mara ya kwanza nilifunga vioo vyote na kuwasha kiyoyozi, si kwa sababu ya joto, bali nilitaka watu waone kwamba vioo vimefungwa. Karibu na Soni moshi mweupe ukaanza kutoka mbele. Nikasimama mahali ambapo akina mama huuza plamsi, nikafungua boneti, nikatoa leso yangu iliyopigwa pasi, nikaizungushia kwenye kifuniko cha rejeta, nikafungua.

Maji yalinifikia kabla ya wazo. Niliruka nyuma mpaka nikakalia ndoo ya plamsi ya mama mmoja, ambaye mwanawe nilikuwa namfundisha. "Pole, mwalimu," alisema, akavuta ile ndoo polepole kutoka chini yangu.

Jirani alikuwa anakuja nyuma na lori lake. Akaegesha, akashuka peku na dumu la maji, akaushika mkono wangu na kuumwagia maji ya baridi kwa muda mrefu sana. Ulipokuwa umekwisha kufa ganzi ndipo akauliza, kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kujua:

"Mwalimu, ulikuwa hujui kwamba yatakurukia?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo. Shinikizo likipungua ghafla, maji yanageuka mvuke. Huwa nafundisha."

Alinitazama, akautazama mkono, akaendelea kumwagia maji. Kovu liko mpaka leo. Wanafunzi wangu wakiniuliza nasema ni ajali ya maabara.

Baada ya siku hiyo alianza kuja uani kwetu asubuhi, kabla hajaenda kupakia. Alikuja na kipande cha boksi. Kila jioni yeye alilitandika boksi chini ya lori lake, na asubuhi alilivuta na kulisoma amesimama, kama watu wengine wanavyosoma tangazo. Doa jeusi, oili. Doa lisilo na rangi, huenda ni maji tu. Doa la kijani linaloteleza kidoleni, hayo ni maji ya rejeta, na siku hiyo haendi popote mpaka amejua yametoka wapi. Akanitandikia la kwangu. Nililivuta kwa siku nne hivi, likawa safi, nikaona inatosha.

Kwenye maji alikuwa mkali kuliko kwenye jambo jingine lolote. Maji ya rejeta aliyaangalia asubuhi injini ikiwa baridi, kila siku, hata siku ya Idi. Maji ya mto hakuyatia. Alisema yana tope ambalo macho hayalioni, na tope hilo litakwenda kukaa ndani ya mirija. Alikinga ya mvua kutoka kwenye bati lake, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akachanganya na ile dawa ya kijani ya dukani. Sisi wengine tulikunywa maji ya bomba vilevile yalivyotoka. Kwa sehemu ya mbele ya rejeta alikuwa na mswaki wa zamani. Alichuchumaa akatoa wadudu, majani na matope yaliyonasa, kimoja kimoja, na mtu aliyepita akimsalimia aliitikia bila kugeuka.

Mafundi hakuwapenda, nao walimwogopa. Mmoja wa pale mjini aliwahi kuitoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, kwenye lori lake bila kumwambia, kwa sababu mafundi wengi wa kwetu huamini kwamba gari lisilo na themostati halichemki. Jirani aligundua kesho yake asubuhi. Alikuwa amefika mbali akipandisha na mshale bado umelala kwenye baridi. Akageuza lori. Alikwenda akasimama mlangoni pa gereji.

"Kifaa changu kiko wapi?" akauliza.

"Mama, kile hakina kazi. Nimekusaidia."

"Huku asubuhi kuna baridi. Injini isipopata joto lake inakula mafuta na inajila yenyewe. Kirudishe."

"Mama, nakwambia nimefanya kazi hii miaka mingi."

"Nasubiri hapa."

Alisubiri kuanzia saa tatu mpaka baada ya adhuhuri, amesimama, kabichi zikinyauka kwenye lori. Kilirudishwa. Nilikuwapo. Nilikuwa nimepeleka gari langu kwa fundi huyohuyo kutolewa themostati.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo hakuwa na hofu ya kitu. Aliogopa baiskeli. Akiiona inashuka alisimamisha lori kabisa mpaka impite. Aliogopa pia chai ya uvuguvugu, nadhani, kwa maana aliinywa ikiwa inatokota, kikombe kizima, bila kupuliza, huku akituhubiria sisi kwamba kila kitu kina kiwango chake cha joto. Alikuwa mvumilivu kwa injini kuliko kwa watu. Injini ikikohoa aliisikiliza mpaka mwisho. Mtu akianza kueleza shida yake kwa kuzunguka, alimkatisha: "Sema unakwenda wapi." Na alipokasirika aliacha Kiswahili. Siku za kawaida nilikuwa "mwalimu". Siku nilizomuudhi niligeuka "mghoshi", ambalo kwa Kishambaa ni mwanamume tu, mwanamume yeyote, hata yule asiyejua kitu.

Nilimuudhi hasa pale kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Madereva wa mboga walikuwa wamemzunguka, na mmoja alimuuliza kwa nini gari lake halichemki kule tambarare lakini likifika huku juu linachemka. Jirani akamjibu kwamba maji ya huku juu yanawahi kuchemka kuliko ya Mombo, ndiyo maana kifuniko cha rejeta kikilegea kidogo tu, umekwisha. Jibu lilikuwa sahihi. Hakuna profesa ambaye angelisahihisha. Mimi nikalisahihisha.

"Mama, wewe unalijua jambo, ila hujui sababu yake," nikasema. Nikachovya kidole kwenye chai iliyomwagika nikachora mlima juu ya meza, nikachora hewa, nikatia mishale. Nikatumia neno angahewa mara tano. Madereva wakacheka. Niliamini wanafurahia somo. Mmoja wao akamwambia Jirani, "Leo umepata mwalimu, bibi," nao wakacheka tena.

Jirani hakucheka. Akauliza, "Na leo asubuhi umeyaangalia maji ya gari lako?"

"Mama, gari langu ni la kisasa," nikamwambia. "Lina kompyuta. Kukiwa na tatizo litanijulisha lenyewe."

Akamaliza chai yake, ya moto vilevile, akaondoka.

Siku tatu baadaye mke wangu alikuwa na usaili wa kazi Tanga. Yeye ni mtaalamu wa maabara, na alikuwa amekaa nyumbani tangu amalize masomo. Barua ya kuitwa ilipofika aliisoma mara mbili kwa sauti na mara nyingi zaidi kimya. Alishona suti. Alitaka kupanda basi la alfajiri. Mimi ndiye niliyesema hapana, tuna gari, nitakupeleka kama mtu na heshima zake.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Kushuka mpaka Mombo hakukuwa na tatizo, gari lilikuwa linashuka. Tulipoingia tambarare kuelekea Korogwe, jua limeanza kuwaka, mshale wa joto ukapita katikati. Niliuona. Nikasema moyoni kwamba nikifika kwenye kivuli nitasimama. Kivuli kikaja, nikakipita, kwa kuwa mbele kulikuwa na kingine. Halafu, nilipokuwa nimeanza kuingiwa na wasiwasi hasa, mshale ukashuka. Haukushuka polepole. Ulianguka mpaka kwenye baridi.

Nikaipigapiga dashibodi kwa kiganja, kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Limejirekebisha lenyewe."

Akaniangalia kwa imani. Jicho lile linanisumbua mpaka leo kuliko injini iliyokufa.

Injini ilikufa kama dakika kumi baadaye. Ilianza kulia kama misumari ndani ya debe, ikakosa nguvu, ikanyamaza katikati ya mashamba ya mkonge. Nilipofungua boneti joto lilinipiga usoni, na kwenye rejeta hapakuwa na maji hata ya kulowesha kidole. Mke wangu alisimama kando ya barabara na suti yake, vyeti ndani ya bahasha, akayapungia mabasi mkono. Yalipita yamejaa. Alipopata moja, jua lilikuwa kali na vumbi limempanda mpaka magotini. Alifika Tanga usaili umefungwa. Mtu wa mlangoni alimwambia asubiri nafasi nyingine zikitangazwa. Alisubiri karibu miaka miwili.

Nilimpigia simu Jirani kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Alikuja na lori tupu. Mzigo wa siku hiyo aliuacha. Akafunga kamba, akanivuta mpaka gereji ya Mombo, nami nikiwa nyuma ya usukani wa gari langu la kisasa, nikielekeza magurudumu tu. Nilijiandaa kusikia neno kompyuta. Hakulitamka. Alikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Mama, lakini mshale ulishuka," nilimwambia tulipokuwa tunamsubiri fundi. "Ulionyesha baridi."

"Ule mshale unapima nini?"

"Joto la injini."

"Unapima maji," akasema. "Kile kidude kinakaa ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa, hakina cha kupima. Ukiona umepanda, simama. Ukiona umeanguka ghafla, zima palepale. Huo ni ubaya zaidi."

Baadaye niliitia habari hii kwenye mtihani wa kidato cha tatu. Niliandika: dereva aliona mshale wa joto umeshuka ghafla akafurahi, eleza kosa lake. Karibu darasa zima lilipata. Mwanafunzi mmoja aliongeza, bila kuulizwa, kwamba dereva huyo asipewe leseni.

Gari lilitiwa injini nyingine iliyotumika, na Jirani akaanza kunifundisha upya, safari hii kwa bidii iliyonishangaza. Alikaa kiti cha abiria, viatu vyake amevishika mapajani, tukapanda na kushuka barabara ya Soni. Alinifundisha kushika gia ndogo mapema kabla injini haijaanza kulalamika. Alinifundisha kutupa jicho kwenye mshale kila nikimaliza kona, nitazame na kurudi barabarani, nisiukazie macho. Ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho, vioo chini. Mara ya kwanza nilidhani ananitania, maana nilikuwa natokwa jasho tayari. "Joto hilo linatoka kwenye injini," akasema. "Afadhali likuchome wewe." Na usipotulia mshale, simama mahali pana, pisha wengine, fungua boneti, kifuniko usikiguse. Nusu saa. Ukichoka kungoja, ngoja tena.

Niliona fahari. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba yule mama ameona kitu ndani yangu. Kwamba kuna watu wenye kipaji cha kumtambua mwanafunzi mzuri.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, alikuja na kikapu cha viazi vitamu. Alikaa ukingoni mwa kochi. Chai aliyoletewa aliiacha ikapoa, na hilo ndilo lililonishtua. Akamgeukia mke wangu, mimi akaniacha.

"Mwanangu, nimekuja kusema neno. Siku ile mlipokwenda Tanga, niliona maji chini ya gari lenu. Nilikuwa nakwenda kupakia. Yalikuwa ya kijani, mengi, yamefika mpaka barabarani."

Mke wangu alikuwa anamenya chungwa. Akaacha.

"Ningeita," Jirani akaendelea. "Mlikuwa bado mnapakia mizigo. Nikakumbuka yale maneno yake ya kwenye chai, na wale wanaume walivyocheka. Nikasema moyoni, kompyuta itamwambia. Sikujua wewe unakwenda wapi. Nilijua jioni, nilipokuona umerudi na ile suti."

Mke wangu aliliweka chungwa mezani.  

"Mama," mke wangu akasema mwishowe, "hata mimi niliyaona yale maji. Niliyaruka ili nisichafue viatu. Nikasema mwalimu anajua."

Wote wawili wakanigeukia. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu uani asubuhi ile, wawili wakaona, na yule wa tatu alikuwa anafundisha tabia za maji kwa mshahara.

Mke wangu hakumkumbatia Jirani wala hakumwambia yamekwisha. Alimaliza kumenya chungwa, akalikata vipande vitatu. Kwa wiki kadhaa hakumpelekea mboga, harufu ya maharage ilipita sebuleni na hakuna aliyeinuka. Halafu jioni moja niliona bakuli halipo kabatini. Sikuuliza. Naye Jirani aliendelea kuja na mimi kwenye barabara ya Soni, kwa bidii ileile, ila sasa nilijua bidii hiyo ilitoka wapi, na nilijifunza vizuri zaidi.

Kifua ndicho kilichomtoa milimani. Baridi ya Juni ilimlaza mara tatu, na binti yake aliyeolewa kule Mnazi, chini kwenye joto, akaja kumchukua. Lori liliuzwa. Mke wangu wakati huo alikuwa amepata kazi ya maabara palepale Lushoto. Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, tulishuka kwenda kumtazama tukalala huko. Alikuwa amenenepa kidogo na amechoka kukaa. Jioni tulizungumza habari za mboga na bei za mbolea, akaenda kulala mapema.

Asubuhi simu ilimkuta anasali. Dada yake mkubwa, aliyekuwa Kwai, alikuwa amefariki usiku. Mazishi baada ya alasiri. Alikunja msala wake, akaja akasimama mbele yangu na viatu tayari mguuni.

"Mwalimu, utanipeleka?"

"Nitakupeleka, mama."

Binti yake alikuwa ametuandalia magunia mawili ya mchele tangu jana yake, zawadi. Mtu mwenye akili angeyaacha. Mimi niliyatia nyuma, kwa sababu ni mchele wa Mnazi na ulikuwa wa bure. Tukapanda watu wanne, binti yake akiwemo, na mchele, tukaanza kupandisha mlima wakati jua limeshakuwa kali.

Jirani alikaa mbele.  Tulipokuwa tumemaliza kona kama sita hivi nikaona mshale umeachana na mahali pake. Nikazima kiyoyozi, nikafungua hita, vioo chini. Ukatulia kidogo, ukaendelea kupanda. Nikasikiliza. Feni ya rejeta haikuwa inalia.

"Endesha," Jirani akasema. Alikuwa ameuona kabla yangu.

"Mama, feni haizunguki."

"Najua. Endesha. Wakishamtoa ndani sitamwona tena. Wanaume watakwenda naye makaburini, mimi nitabaki na ukuta. Endesha."

Mbele palikuwa na mahali pana kando ya barabara. Baada ya hapo, najua barabara ile, hakuna pa kusimama mpaka juu kabisa. Nilikuwa na muda wa kuhesabu labda mpaka tano. Nikaegesha.

Nilipozima injini alinigeukia. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Mghoshi," akasema. "Ulimkosesha mkeo kazi kwa kutosimama. Leo unanikosesha dada yangu kwa kusimama."

Nikashuka nikafungua boneti, kwa sababu ilikuwa lazima macho yangu yatazame kitu.  Sikuwa na hakika hata kidogo kwamba nimefanya sawa. Gari lilikuwa langu, na mtu angeweza kusema, na pengine kwa haki, kwamba nilikuwa naihurumia injini yangu. Mke wangu naye akashuka, akaenda kusimama katikati ya barabara, mikono ameitanua.

Alisimamisha pikapu ya kwanza iliyopanda, iliyobeba mbao. Dereva alikuwa na nafasi mbele, ya mtu mmoja na nusu. Mke wangu alimweleza kwa Kishambaa, haraka, nami nikasikia neno dada na neno msiba. Tukamtoa Jirani, tukamwingiza, binti yake akajibana mlangoni. Hakunitazama. Pikapu ikaondoka.

Tulibaki na mchele. Niliangalia fyuzi moja moja, nikakuta ya feni imeungua. Sikuwa na nyingine. Tukakaa juu ya jiwe tukangoja injini ipoe.

"Leo umesimama," mke wangu akasema.

Sikujua kama ni sifa au ni hesabu ya zamani. Sikuuliza.

Gari lilipopoa niliongeza maji, nikaing'oa fyuzi ya honi nikaipachika mahali pa ile ya feni. Feni ikazunguka. Basi tukapanda mlima bila honi, na kwenye kila kona kali mke wangu alitoa mkono dirishani akapiga mlango kwa kiganja, pu, pu, pu, na watu waliokuwa wanapalilia kando wakainua vichwa kututazama.

Tulifika Kwai jua limeelekea kuzama. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wamekaa kwenye mabenchi nje. Niliwasalimia, nikatoa pole, nikatafuta mahali pembeni kabisa. Mke wangu akaingia ndani kwa wanawake. Nilitaka kumuuliza mtu kama yule mama aliyekuja na pikapu ya mbao aliwahi, lakini kila nilipofungua mdomo niliona aibu.

Alitoka mwenyewe, na sahani ya wali na nyama. Alipita mbele ya wanaume wote, akaja mpaka nilipokuwa, akaketi kwenye benchi kando yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimemwona," akasema. "Walinifunulia uso. Alikuwa amepungua sana. Nimemshika na paji la uso."

"Pole sana, mama."

Akaniwekea sahani mapajani. Alikunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Kule njiani nilikutukana."

"Sikusikia, mama."

"Ulisikia."

Nikatazama sahani.

"Nilisikia," nikasema.

"Haya. Kula, kinapoa."